Jengo la Kusomea ni Amana: Tusikimbilie Kubomoa

Kila sifa njema inamstahikia Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, aliyeufungua wahyi kwa amri ya kusoma. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, masahaba zake na kila aliyefuata mwenendo wao kwa wema mpaka siku ya malipo. Ama baad.

Ndugu Waislamu, hivi karibuni tulialikwa katika kikao cha kamati ya msikiti mmoja ulioko katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, juu ya mji wa Moshi. Hatutautaja jina, kwa sababu jambo lililozungumzwa pale linazungumzwa katika misikiti mingi, na hatupendi ndugu zetu wale waonekane kuwa wao peke yao ndio wenye mtihani huu. Ajenda ilikuwa moja: chumba cha zamani cha madrasa kilichoko ubavuni mwa msikiti. Ni chumba kirefu chenye kuta za mawe, unene wake unapita shibiri mbili, kina milango mitatu inayofungukia baraza, na paa la bati lililokwisha kuwa jekundu kwa kutu. Wazee walikijenga kwa msaragambo, wanaume wakipandisha mawe kutoka mtoni na akina mama wakibeba maji na mchanga. Pendekezo lilikuwa kibomolewe, zijengwe fremu sita za maduka upande wa barabara, na madrasa ihamie ghorofani.

Hoja za waliopendekeza hazikuwa za kipuuzi. Walimu wa madrasa hawana posho ya uhakika, chumba kinavuja, na kodi ya maduka ingeweza kuwalipa walimu na kununulia mas-hafu. Kamati ilikuwa karibu kupitisha. Ndipo mzee mmoja, ambaye alikuwa kimya tangu mwanzo, akauliza: "Wanangu, ni nani kati yenu aliyepanda juu kuliangalia paa?" Hapakuwa na aliyepanda. Kikao kiliahirishwa, fundi akaitwa, ngazi ikaletwa. Ilibainika kuwa ukuta ni mzima. Kilichooza ni boriti moja ya pembeni, nayo imeoza kwa sababu gata ilianguka miaka mingi iliyopita na haikurudishwa. Maji ya kila masika yalikuwa yakimiminika pale pale.

Tumeona ni wajibu wetu kulizungumza jambo hili katika ukurasa huu, kwani ni zaidi ya suala la boriti moja.

Katika lugha ya Kiarabu, maneno darsa, mudarris na madrasa yametoka katika mzizi mmoja wenye maana ya kusoma na kurudia somo. Madrasa, kwa umbo la neno lenyewe, ni mahali. Kiswahili kimelichukua neno hilo mara mbili: tukasema madrasa kwa chuo cha dini, na tukasema darasa, na kwa wingi madarasa, kwa chumba cha shule yoyote. Kwa hiyo Mswahili anapotamka "madarasa ya shule ya kata" na "madrasa ya msikitini", anatumia neno la asili moja. Wanazuoni wetu wa zamani hawakulidharau suala la mahali. Msikiti wa Mtume (S.A.W.) mjini Madina ulijengwa kwa matofali ya udongo, nguzo zake zikiwa magogo ya mitende na paa lake makuti ya mtende, na nyuma yake palikuwa na kivuli kilichoitwa Suffa, ambapo masahaba wasiokuwa na makazi waliishi na kujifunza. Hapakuwa na anasa yoyote pale, lakini palikuwa na mpango: kivuli, upepo, na ukaribu na mwalimu. Imepokewa pia kwamba wakati wa kuujenga msikiti huo alifika Talq bin Ali kutoka Yamama, naye alikuwa hodari wa kukanda udongo, na Mtume (S.A.W.) akaelekeza kazi ya udongo aachiwe yeye kwa kuwa anaijua vizuri zaidi. Tunajifunza hapo kwamba kazi ya ujenzi hukabidhiwa mwenye ujuzi nayo.

Baadaye Uislamu ulipoenea, madrasa zikawa majengo makubwa. Mustansiriyya ya Baghdad, iliyofunguliwa mwaka 1234 kando ya mto Tigris, ilijengwa kuzunguka ua wa wazi, vyumba vya wanafunzi vikiuelekea ua huo ili vipate mwanga na hewa bila ya kupigwa na jua kali la Iraq. Hapa kwetu Afrika Mashariki, chuo cha ufundi cha Waislamu kilichofunguliwa Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa michango iliyomhusisha Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jumuiya ya Mabohora, kilijengwa kwa matao na kuba ili kijana wa Kiislamu aone kuwa uhandisi si kitu kigeni kwake. Chuo hicho ndicho hii leo Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa.

Turudi Kilimanjaro. Ni vema ikaeleweka kwamba shule katika miteremko hii zina historia ndefu. Old Moshi, makao ya Mangi Rindi na kisha mwanawe Mangi Meli ambaye Wajerumani walimnyonga tarehe 2 Machi 1900, ndipo palipokuwa kitovu cha utawala na cha misheni kabla mji wa sasa wa Moshi haujakua huko chini, penye reli iliyofika kutoka Tanga mwaka 1911. Hapo hapo Old Moshi ndipo Walutheri wa Leipzig walipoanzisha mafunzo ya walimu mwaka 1902, wakayahamishia Marangu mwaka 1912, na Marangu mpaka leo kuna chuo cha ualimu. Waingereza nao, katika miaka ya 1920, wakaweka shule ya serikali Old Moshi. Kisha fedha za kahawa, kupitia ushirika wa wakulima ulioanza mwaka 1925 na kuzaa KNCU mwanzoni mwa miaka ya 1930, zikauwezesha umma wa mlimani kusomesha watoto na kuezeka mabati mahali palipokuwa na nyasi.

Waislamu tuna majonzi yetu katika historia hiyo, na hatuoni haja ya kuyaficha. Shule nyingi zilikuwa za misheni, na wazazi wengi wa Kiislamu walilazimika kuchagua baina ya elimu ya mtoto na dini yake. Jumuiya ya East African Muslim Welfare Society, iliyoanzishwa mwaka 1945, ilijitahidi kuliziba pengo hilo mpaka ilipopigwa marufuku Tanzania mwaka 1968. Lakini majonzi hayatuzuii kujifunza. Baada ya Badr, mateka waliojua kuandika walitakiwa wawafundishe watoto wa Madina ndiyo iwe fidia yao, na wala hawakuwa Waislamu. Ikiwa kuandika kulipokewa kutoka kwao, basi hapana ubaya kwa Muislamu wa Kibosho, Machame au Marangu kulitazama jengo la zamani la shule jirani na kujiuliza: kwa nini hili limesimama na letu la juzi lina nyufa?

Majibu yako wazi kwa mwenye kutazama, nayo ni manne.

La kwanza ni mwelekeo. Moshi iko kiasi cha nyuzi tatu kusini mwa ikweta. Jua la asubuhi na la jioni huingia chini chini, mashariki na magharibi, nalo ndilo linalochoma macho ya wanafunzi. Wajenzi wa zamani waliojua kazi yao waliulaza mjengo kutoka mashariki kwenda magharibi, ukuta mfupi ukapokea jua hilo, na madirisha yakawekwa kaskazini na kusini. Na hapa ipo neema ambayo wengi wetu hatujaizingatia: kutoka Moshi, kibla kiko kaskazini, kikielemea kidogo tu mashariki. Sisi tulioko miteremko ya kusini tunaposali tunauelekea mlima. Maana yake ni kwamba jengo lililolazwa mashariki kwa magharibi linafaa kwa jua na linafaa kwa safu ndefu za swala kwa wakati mmoja. Wazee wa msikiti ule tulioutaja walilijua hilo. Ramani ya fremu sita, kwa kuwa inaifuata barabara, ingeligeuza jengo, watoto wakawa wanapigwa na jua la saa kumi wakati wa kipindi chao, na safu zikakaa mshazari.

La pili ni maji. Miteremko ya kusini hupata mvua nyingi kuliko mji, hususan kuanzia Machi mpaka Mei. Kwa ajili hiyo majengo ya mwanzo yaliinuliwa juu ya msingi wa mawe, yakapewa paa lenye mwinuko mkali na upenu mpana unaoyatupa maji mbali na ukuta. Wachagga walikuwa mabingwa wa maji kabla ya mgeni yeyote kufika; mifongo yao iliyochongwa ubavuni mwa mlima inashuhudia hivyo. Kwao kuyaongoza maji ilikuwa kazi ya kawaida. Sisi wa leo tunajenga paa bapa lililofichwa nyuma ya ukuta, kwa kuwa linapendeza machoni, kisha tunashangaa linapovuja.

La tatu ni ukuta na dari. Ukuta mnene wa mawe hukawia kupata joto na hukawia kupoa, hivyo asubuhi ya Julai yenye baridi, chumba hakiwi kama jokofu, na adhuhuri ya Februari hakiwi kama tanuri. Dari ya mbao chini ya bati huzuia joto, na zaidi ya hapo huzuia kelele. Kila mwalimu aliyepata kufundisha chini ya bati tupu anajua hali inavyokuwa mvua inapoanza: unafunga kitabu, kwa sababu hata aliye safu ya mbele hakusikii. Ni masomo mangapi ya tajwidi, ambayo msingi wake ni kusikia, yamepotea hivyo?

La nne ni milango na baraza. Katika jengo la zamani kila chumba hufungukia baraza, na baraza hufungukia uwanja. Mtoto yuko hatua chache tu kutoka nje. Tunalitaja hili la mwisho kwa uzito wa pekee. Mwezi Juni 1994, moto uliwaua wasichana wapatao 40 katika bweni la Shule ya Sekondari Shauritanga, Rombo, katika mlima wetu huu huu. Mwezi Septemba 2020, watoto 10 walifariki kwa moto katika bweni la shule ya msingi ya Kiislamu wilayani Kyerwa, mkoani Kagera. Allah (S.W.) awarehemu wote na awape subira wazazi wao. Hatuandiki haya ili kumlaumu yeyote. Tunayaandika kwa sababu tumetembelea vyuo vyetu vya bweni, tukakuta vyumba vya watoto 40 vyenye mlango mmoja, na madirisha yote yametiwa nondo zisizofunguka. Tumewauliza wahusika, wakajibu kuwa ni kwa ajili ya wezi. Mwizi anaiba godoro. Je, tumelinganisha godoro na nini?

Ndugu Waislamu, hatutaki kueleweka vibaya. Sisi si watu wa kutukuza mawe. Jengo halina baraka inayoombwa kwake, wala ukuta haupanguswi kwa kutaraji kheri, wala mahali hapawi patakatifu kwa kuwa ni pa zamani. Aidha, tumekwisha kukemea mara nyingi tabia ya kupamba misikiti kwa nakshi, marumaru na kuba juu ya kuba, ilhali watoto wanasoma chini ya mwembe. Tunachokizungumza hapa ni amana na manufaa. Sayyidna Umar (r.a.) alipoipata ardhi yake ya Khaybar, Mtume (S.A.W.) alimshauri aizuie asili na atoe sadaka mazao yake. Huo ndio msingi wa wakfu: asili inabaki, manufaa yanaenda kwa wahitaji. Yule mama aliyebeba ndoo ya maji ya kukandia udongo wa madrasa ile, na sasa yuko kaburini, ana sadaka inayoendelea ndani ya ukuta ule. Hatuna haki ya kuikata kwa kura ya kikao kimoja.

Ni kweli kwamba wanazuoni wamehitilafiana kuhusu kubadilisha wakfu. Wafuasi wa Imam Malik na Imam Shafi'i wamekaza sana. Wafuasi wa Imam Ahmad wameruhusu pale manufaa yanapokatika, na Sheikhul Islam Ibn Taymiyya ameruhusu pia kwa ajili ya maslaha yaliyo makubwa zaidi, miongoni mwa hoja zao ni taarifa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) aliamuru msikiti wa Kufa uhamishwe mahali pengine baada ya hazina ya umma kuvunjwa na wezi. Kwa hiyo hatusemi kubomoa ni haramu kwa kila hali. Tunasema kwamba hata kwa waliolegeza, sharti ni maslaha yaliyothibiti, si yaliyodhaniwa. Na maslaha hayathibiti kwa watu ambao hawajapanda ngazi kuliangalia paa.

Wala tusitegemee kuwa sheria ya nchi itatuzuia au kutulindia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Karibu majengo yote ya shule katika mlima huu ni ya baadaye, hivyo hayalindwi mpaka Waziri ayatangaze kwa jina. Mlinzi wa chumba cha madrasa cha kijijini ni jamaa wa msikiti wenyewe.

Kwa mantiki hiyo, tunazishauri kamati za misikiti na walimu wa madrasa mambo yafuatayo.

Kwanza, kabla ya kuzungumzia kubomoa, aitwe fundi mwenye ujuzi na mwaminifu, asiyetarajia kupewa kazi ya ujenzi mpya, akague paa, kuta na msingi, kisha taarifa yake isomwe mbele ya jamaa baada ya swala ya Ijumaa.

Pili, ukarabati uanzie juu. Bati, gata na mifereji ya maji hutangulia rangi. Ukuta wenye paa zima huishi. Ukuta uliopakwa rangi chini ya paa linalovuja hufa taratibu.

Tatu, kuta za zamani za mawe zilizounganishwa kwa udongo au chokaa zisipigwe plasta ya saruji. Saruji huziba ngozi ya ukuta, unyevu unaopanda kutoka ardhini hukosa pa kutokea, na baada ya masika chache plasta hubanduka ikiondoka na uso wa ukuta. Chokaa huuacha ukuta upumue.

Nne, mbao ngumu za zamani zitunzwe. Msitu wa mlima uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005, na boriti kama zile hazitapatikana tena kwa kukata. Ikioza ncha, ikatwe ncha na kuungwa.

Tano, anayejenga jipya, na tunawaombea wengi wajaaliwe kujenga, ayachukue yale manne: mwelekeo, maji, ukuta na dari, milango. Serikali yenyewe ilijenga madarasa 15,000 kwa mkupuo mmoja mwaka 2021 kwa fedha za UVIKO-19, kwa ramani moja nchi nzima. Haraka ile ilikuwa na sababu yake. Sisi tunaojenga chumba kimoja kwa miaka mitatu hatuna udhuru wa kutofikiri. Na kila bweni liwe na milango miwili inayofunguka kwa nje, na angalau dirisha moja ambalo mtoto anaweza kulifungua kwa ndani bila ufunguo.

Sita, lile la posho za walimu lisisahauliwe, kwani ndilo lililoanzisha maneno yote haya. Jengo zuri lisilo na mwalimu ni ghala. Ikiwa kuna uwezekano wa kujenga fremu katika sehemu nyingine ya kiwanja bila ya kuligusa jengo la wakfu, basi na zijengwe, na kodi yake iandikwe wazi kuwa ni ya madrasa.

Kamati tuliyoitembelea itakutana tena. Hatujui wataamua nini, na uamuzi ni wao kwa shura baina yao. Tulipoondoka jioni ile, baada ya swala ya Alasiri, watoto walikuwa wamekwisha kuingia. Mwalimu wao, kijana mdogo kuliko sisi, alikuwa amewasogeza wote upande mmoja wa chumba, mbali na pembe inayovuja, akiwasomesha herufi. Sauti zao zilisikika mpaka barabarani. Boriti ya kubadilisha ile iliyooza, kwa hesabu ya fundi, ilikuwa ni mchango usiozidi ule unaokusanywa kwa harusi moja.

Tunamuomba Allah (S.W.) awarehemu waliotujengea, atupe akili ya kutunza tulichoachiwa, na ajaalie vyumba vyetu vya kusomea viwe mahali pa elimu yenye manufaa na usalama kwa watoto wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.